DARASA LA RAMADHANI, SIKU YA 18: Matunzo ya mzazi ni deni, si sadaka



Ndugu zangu wa msikitini, juzi baada ya tarawehe kijana mmoja alinivuta pembeni: "Sheikh, zaka yangu mwaka huu nataka nimpe mama. Ana sukari, dawa ghali. Si ndiye mtu wangu wa karibu kabisa?"

Nia yake nzuri, na swali hili huulizwa kila Ramadhani. Jawabu ni hili: mama yako asiye na kitu lazima umpe, lakini humpi kwa jina la zaka.

Kwa nini? Mzazi mhitaji, matunzo yake yako juu ya watoto wake wenye uwezo: chakula, mavazi, pa kulala, matibabu, na mtu wa kumhudumia ikiwa hajiwezi. Hilo ni deni shingoni mwako. Ukilipa kwa zaka, umelipa deni lako kwa haki ya mafakiri. Ni kutoa hela mfuko wa kulia ukatia wa kushoto. Tazama Suratul-Baqara aya ya 215: watu waliuliza watoe nini, na wa mwanzo kutajwa wakawa wazazi wawili, kabla ya jamaa, mayatima na maskini.

Na mzee akiwa na chake? Pengine ana nyumba ya kukodisha, au pensheni jamii wanayopata wazee wa miaka 70 na zaidi hapa Zanzibar tangu 2016. Basi anaanza kutunzwa kwa chake, na kinachopungua watoto wanajaza. Lakini jamani, ile ni mali yake. Anayekwenda kumpokelea ni mjumbe tu, amana ile ataulizwa.

Sasa nikwambieni yangu, maana mwalimu asiwe wa kunyooshea wenzake kidole tu.

Marehemu baba alipigwa na kiharusi upande mmoja. Tulikuwa watoto sita. Kaka mmoja Maskati, mwengine Dar, wawili wameolewa na kuoa mbali, mimi mjini, na dada yetu mkubwa shamba, nyumba moja na baba. Tulifungua kundi la simu, kila mwezi watu wanatuma, majina na kiwango vinaandikwa. Mimi nilikuwa natuma mapema. Nikituma, moyo unatulia, naona nimemaliza.

Siku moja nikaenda bila ya kuarifu. Nikamkuta dada kalala juu ya kiti, sinia la mchele magotini, nusu kauchagua. Nikamuuliza, "Dada, hela imefika?" Akanambia, "Imefika, mdogo wangu. Usiku wa leo nani atamgeuza baba, nami nilale?"

Mgonjwa asiyejiweza anageuzwa kila baada ya saa mbili au hivi, asije akapata vidonda vya mgongo. Dada alikuwa anaamka usiku kucha, miezi saba. Na mimi ndiye ninayewasomesheni hadithi ya yule mtu aliyetaka kwenda jihadi, Mtume (s.a.w.) akamrudisha kwa wazazi wake afanye jihadi yake huko. Nilikuwa sijaisoma vizuri.

Na ndugu yetu mmoja, fundi mwashi, alikuwa hana kazi. Kila mwezi mbele ya jina lake tunaandika sifuri. Akajitoa kwenye kundi. Tukasema hajali. Hakuna aliyempigia simu kumuuliza. Tulipomuuliza, alikuja yeye kumkogesha baba na kumnyoa, na akalala pale siku tatu za wiki mpaka baba alipofariki. Alichokikimbia ni ile sifuri.

Basi Sikukuu inakaribia, watu watakusanyika. Kaeni kikao, mzungumze mambo manne:

*1. Andikeni gharama yote.* Dawa, pempasi, nauli ya hospitali, chakula, sabuni, na fidia ya kibaba kwa kila siku ambayo mzee hakuweza kufunga. Msikisie. Dada anayetoa mia mbili mia tatu dukani kila siku hamtaiona mpaka aiandike. Na pembeni ya hela, andikeni na saa.

*2. Kila mtu kwa uwezo wake.* Suratut-Talaq aya ya 7 imeweka msingi: mwenye wasaa kwa wasaa wake, aliyebanwa kwa alichopewa. Maulamaa wana maneno yao juu ya mafungu ya mtoto wa kiume na wa kike, lakini binti mwenye kipato naye yumo. Na asiye na hela atoe usiku wake. Usiku ni mchango, uandikwe kama mchango.

*3. Anayeuguza ahesabiwe haki yake.* Mkikubaliana kumlipa, mlipeni sasa, kwa maandishi, mzazi yu hai. Nimekaa vikao vya mirathi nikasikia, "Mimi ndiye niliyemuuguza, nyumba yangu." Mirathi haiendi hivyo, na watu wanatoka pale hawasalimiani tena. Dada yako akiwa fakiri, unaweza kumpa yeye zaka yako, na unapata ujira wa sadaka na wa kuunga udugu. Lakini apewe kwa ufakiri wake, isiwe ndiyo mshahara wa kumuuguza mama. Mshahara ni deni lenu, zaka haililipi.

*4. Mzee aulizwe.* Anataka kukaa kwa nani? Kipi kinamuudhi? Msimjadili mbele yake kama gunia linalotafutiwa pa kuwekwa. Suratul-Israa aya ya 23 imetukataza hata mguno mmoja mbele ya wazazi waliofikia uzee.

Na mkumbuke ile siku Mtume (s.a.w.) alipopanda mimbari akasema Amin mara tatu. Jibril aliomba dua juu ya watu watatu waliokula hasara. Mmoja ni aliyeifikia Ramadhani ikatoka hajasamehewa. Mwengine ni aliyewadiriki wazazi wake katika uzee na wasiwe sababu ya yeye kuingia Peponi. Wewe mwaka huu Ramadhani unayo. Kama na mzazi unaye, milango miwili iko wazi kwa pamoja.

*Kazi ya leo:* kabla ya futari, mpigie simu ndugu anayekaa na mzee. Usianze na hela. Muulize, "Nije usiku gani?"

Ewe Mola wetu, warehemu wazazi wetu, waliohai wape afya, waliotangulia wape nuru makaburini. Tusamehe tuliyopunguza. Amin.

Wabillahi tawfiq. Tukutane tarawehe, inshaallah.