Barua ya Kikundi Ifunguliwe, Isiwashie Moto

Ninyi wenye vitalu vya miche hapa Gesima mnaandikia wenye maboma wawe wateja. Mbona barua nyingi hazifunguliwi?

Kwetu bahasha ina sifa mbaya. Mtu akiiona anafikiria harambee, mchango wa matanga au salio la karo. Anaiweka juu ya kabati, basi. Kwa hivyo andikeni kwa nje: "Miche ya parachichi. Si mchango." Hayo maneno matano yanafanya kazi kuliko bahasha ya bei.

Halafu jina. "Kwa mwenye boma" ni barua ya kila mtu, yaani si ya mtu. Andikeni kwa mkono jina analojulikana nalo. Kama mama ndiye analima, aandikiwe yeye. Barua ya kawaida ya posta inaishia sandukuni, mara nyingi la shule ama kanisa, halafu mtoto anaibeba na daftari. Afadhali mwanakikundi aipeleke mwenyewe, aseme "Bwakire", aeleze imetoka wapi. (Ujumbe wa simu ni rahisi, lakini matapeli wa M-Pesa wameuharibia jina.)

Ndani, ukurasa mmoja tu: bei, mahali pa kitalu, nambari ya simu.

Msipeleke Januari, mwezi wa karo. Pelekeni mvua ikikaribia, kabla mizizi haijajikunja mfukoni. Mche kama huo hata ukinunuliwa hausimami vizuri.

Kazi ya mkutano ujao: kila mmoja alete bahasha ambayo hakuifungua, aseme kwa nini.