Nyoka Ndani ya Kikombe: Mtaalamu wa Chai Anajibu

Mama mmoja sokoni Karatina alinisomea mashapo ya chai akaona nyoka. Anasema jirani ananionea kijicho. Nifanyeje?

Barua tano, kuanzia Othaya hadi Kerugoya, zina nyoka huyohuyo, na kila mara adui ni jirani. Nazijibu pamoja.

Kwanza, mwacheni jirani. Pili, tazameni mnachokunywa. Usomaji huu ulianza Ulaya baada ya chai ya China kufika huko karne ya 17. Jani zima lililosokotwa lilifunguka majini na kubaki na umbo lake. Wasomaji wakajiwekea kanuni: kishikio cha kikombe ni nyumba ya mnywaji, ukingo ni siku za karibu, chini ni mbali, nyoka ni uadui.

Chai yetu si hiyo. Viwanda vyetu, Ragati, Gathuthi, Chinga na Iriaini, vinajulikana kwa chai ya punje: jani hunyaushwa, kisha hupita kati ya roli zenye meno zinazolikata, kulirarua na kulikunja. Nasi nyumbani tunaichemsha na maziwa kwenye sufuria, tunachuja. Kinachopenya chujio ni vumbi. Ukiinamisha kikombe, chai hulikokota kuelekea mdomoni, likabaki mstari uliopinda. Basi kila mtu ana nyoka! Geuza kikombe unywee upande wa pili: mkia wake utakufuata.

Nikitumia chai ya majani mazima je?

Utaona majani mazima.

Msomaji wa kikombe anaweza kunitabiria bonasi ya chai?

Hawezi. Bonasi hutokana na bei za mnada wa Mombasa, thamani ya dola kwa shilingi, gharama za kiwanda na majani unayopeleka kituoni. Katika hayo yote, lililo mikononi mwako ni kuchuma majani mawili na chipukizi. Nimemwona mkulima akimtumia mpiga ramli karo ya mtoto kwa simu, na mtoto akabaki nyumbani muhula mzima. Hilo linaniumiza hadi leo.

Si ndiyo kazi ya mundu mugo, mganga wa ramli wa babu zetu?

Sivyo. Mundu mugo alimwaga mbugu, mbegu za kibuyuni, akazihesabu. Jomo Kenyatta, ambaye babu yake alikuwa wa kazi hiyo, aliieleza katika kitabu chake cha 1938. Mundu mugo alijulikana kwao na ukoo wake. Huyu wa sokoni ana namba ya simu tu, na kesho imezimwa.

Michai yangu imegeuka manjano. Ni ishara?

Ndiyo, na hii isomeni! Shamba zima likififia, mara nyingi udongo umepungukiwa nitrojeni. Lakini mchai mmoja ukinyauka, kisha ulio kando yake, chimba mzizi ubandue gome. Ukikuta utando mweupe wenye harufu ya uyoga, huo ni ukungu wa Armillaria, na hutambaa kwa mizizi. Ng'oa mchai na mizizi yote, uichome, pamoja na visiki vya miti ya zamani. Kisha nenda kamwambie jirani akague upande wake wa mpaka.