Dondoo muhimu: Kulala kambini Serengeti bila hofu
Mgeni anayelala katika kambi za umma za Seronera, ambazo hazina uzio, kwa kawaida humhofia simba, ilhali hatari hiyo hupungua sana iwapo hema litafungwa zipu hadi chini, chakula kitahifadhiwa mbali na hema, na anayetoka usiku kwenda msalani atamulika kwanza tochi pande zote, kwa kuwa macho ya mnyama hung'aa gizani. Anayestahili kuhofiwa zaidi, ingawa hatajwi sana, ni mbu aenezaye malaria, hivyo vidonge vya kinga, ambavyo humezwa kabla ya safari, wakati wake na baada yake, vipangwe mapema na daktari. Wa kuhofiwa pia ni mbung'o, yaani nzi aenezaye malale, ambaye huvutiwa na nguo za buluu na nyeusi, hivyo nguo hizo ziepukwe.