Mgonjwa Asiyetarajiwa Kupona: Tumkabidhi Nani?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baad:

Suala lililoletwa katika darasa yetu ni hili: Mtu ana mzazi mwenye saratani, na madaktari wamekwisha sema kuwa hakuna tena dawa ya kuuondoa ugonjwa huo. Je, amkabidhi nani? Na atamjuaje wa kumwamini katika kumwuguza? Tumeona ni vyema kulijibu kwa urefu kidogo, kwani msiba huu umeingia majumba mengi ya miji yetu, na wengi huukabili bila ya ilimu wala mashauri.

La kwanza kufahamu ni kuwa mtu akiambiwa "hakuna dawa" hakuambiwa "hakuna la kufanya". Kuponya ni kitu kimoja, na kuuguza ni kitu kingine. Ugonjwa usipoondoka, maumivu yaweza kutulizwa. Pumzi zaweza kupatiwa nafuu. Vidonda vyaweza kusafishwa visinuke. Kichefuchefu na kukosa usingizi vyaweza kupunguzwa. Matibabu ya namna hii huitwa tiba shufaa, na mahali panaposhughulika nayo huitwa hospisi. Hospisi ya mtindo wa sasa ilifunguliwa London mwaka 1967 na daktari Cicely Saunders, nayo ni St Christopher's. Kwetu Kenya, Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na hapa Pwani iko Coast Hospice mjini Mombasa. Wengi hudhani kuwa hospisi ni nyumba ya kupelekwa watu wakafe. Sivyo. Hospisi za nchi hii, kwa sehemu kubwa, si za kulaza: mgonjwa huenda kliniki akarudi kwake, au wauguzi humfuata nyumbani, naye akabaki kati ya watu wake.

Wala jambo hili si geni katika Uislamu. Saad bin Muadh (r.a.) alipojeruhiwa katika vita vya Khandaki, mwaka wa 5 wa Hijra, Mtume (s.a.w.) alimpigia hema msikitini ili apate kumzuru kwa karibu. Wataalamu wa sira wamemtaja Rufaida, mwanamke wa kabila la Aslam, kuwa ndiye aliyetibu majeruhi katika hema hiyo. Saad hakupona, jeraha lake lilifumuka naye akafa. Lakini tazameni alivyouguzwa: hakutupwa mbali wala hakufichwa, bali aliwekwa karibu na awapendao, mikononi mwa mjuzi wa kazi yake. Basi ujuzi na ukaribu ndiyo mizani ya kuchagulia.

Kabla ya yote, aulizwe mgonjwa mwenyewe, maadamu ana akili zake. Mwili ni wake na maumivu ni yake. Kisha wale tunaotaka kumkabidhi tuwaulize haya:

1. Maumivu mtayatuliza kwa dawa gani? Je, mna mofini, nayo hupatikana siku zote? Mahali pasipokuwa na jawabu la suala hili hapafai, hata pakiwa na majumba ya kifahari.

2. Je, mtakuja nyumbani? Maumivu yakizidi usiku wa manane, au siku ya Idi, tutampigia nani simu?

3. Mtatwambia kweli? Mwenye kuahidi kuponya saratani iliyokwisha enea mwilini, akataka fedha mbele, akimbiwe, awe amevaa koti jeupe au amebeba kombe na hirizi.

4. Mtatufunza sisi wenye nyumba? Muuguzi huja saa moja akaenda zake. Saa zilizobaki ni za mke, binti na ndugu. Yapasa wafunzwe kumgeuza mgonjwa asifanye vidonda vya kulala, kumsafisha kinywa, na kumnywesha dawa kwa kipimo.

5. Mtahifadhi staha na dini yake? Mwanamke auguzwe na mwanamke ikiwezekana. Asaidiwe kutia udhu au kutayamamu. Na apewe nafasi ya kusali kwa kukaa, au kwa kulala na kuashiria, kwa kadiri awezavyo.

6. Gharama ni kiasi gani, na ni za kitu gani? Yaelezwe mwanzo, sio siku ya kutoa maiti.

Kuhusu mofini kuna shubuha mbili ambazo zimewatesa wagonjwa wengi. Ya kwanza ni kusema kuwa ni haramu kwa kuwa ni katika vilevi. Tunajibu: Mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi, akiwamo Imamu Nawawi, walikwisha zungumza juu ya mtu anayehitaji kukatwa mkono uliooza, na wakajuzisha kumpa kitu cha kumwondolea fahamu. Basi ikiwa hilo lajuzu, vipi izuiliwe dawa iliyoandikwa na tabibu mwaminifu, kwa kipimo maalumu, kwa mwenye maumivu yasiyotulizwa na nyingine? Haramu ni kuitumia kwa anasa.

Shubuha ya pili ni kuwa mofini huharakisha mauti. Huu nao si ukweli, maadamu imetolewa kwa kipimo na kuongezwa polepole na wenye ujuzi. Shirika la Afya Duniani limeihesabu katika dawa za lazima. Mofini ya kunywa ni maji yenye dawa, na desturi yake ni kunywewa kila baada ya saa 4, sio kungojwa mpaka mgonjwa apige kelele. Hufunga choo, kwa hivyo hupewa pamoja nayo dawa ya kulainisha; na siku za mwanzo huweza kuleta usingizi na kichefuchefu, kisha hupungua. Ama kumwua mgonjwa kwa kudai kumhurumia, hilo ni haramu isiyo na shaka, wala si kazi ya hospisi.

Sasa tuseme neno ambalo huenda likawa chungu. Katika miji yetu, mgonjwa huweza kulia miezi mitatu kwa maumivu, na jamaa wakasema hawana nauli ya kumleta muuguzi. Akifa, katika siku tatu hupatikana mchele, nyama, mahema na viti, na watu mia wakala pilau. Fedha hizo zilikuwa wapi alipokuwa hai? Mwengine huuzwa nyumba yake ili apelekwe ng'ambo, na hali madaktari wamekwisha sema kuwa safari haitafaa kitu. Akafa ugenini, au akarudi kufa na wanawe hawana pa kukaa. Watu hufanya hayo kwa kuogopa maneno ya barazani, wasiambiwe kuwa hawakufanya kitu. Lakini birri ya mzazi haipimwi kwa tiketi ya ndege wala kwa sinia za matanga. Hupimwa kwa usiku aliolala bila ya maumivu.

Basi tunausia haya: Msingoje siku za mwisho, ulizeni habari za tiba shufaa tangu ugonjwa mzito ujulikanapo, kwani hakuna ubaya kwenda pamoja na matibabu mengine. Hospisi ikiwa mbali, mwulizeni daktari wa hospitali iliyo karibu ni nani mwenye ujuzi huu. Na maumivu yakitulia, mgonjwa hupata fursa ya kutaja madeni yake, kuandika wasia usiozidi thuluthi, kusameheana na watu, na kumkumbuka Mola wake kwa moyo uliokusanyika. Hayo hayamkini kwa mtu anayepiga kelele za maumivu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awapunguzie mateso wasioandikiwa kupona, na atujaalie mwisho mwema. Wallahu aalam.