Uwazi wa Maana katika Istilahi za Kisayansi za Kiingereza zenye Mizizi ya Kigiriki na Kilatini

1.0 Utangulizi

Sehemu kubwa ya istilahi za sayansi katika Kiingereza imeundwa kwa vipashio vya Kigiriki na Kilatini, lugha ambazo wasemaji wengi wa Kiingereza hawazijui. Pamoja na hayo, hudaiwa mara kwa mara kwamba istilahi hizo ni wazi: ajuaye mzizi ajua maana. Makala haya yanalipima dai hilo kwa kuangalia muundo wa istilahi, utata wa mizizi na historia ya maana. Hoja inayotolewa ni kwamba uwazi haumo katika mzizi wenyewe, bali katika mfumo ambamo mzizi hujirudia; na kwamba mtafsiri wa istilahi asiyelizingatia jambo hili huweza kutafsiri kosa badala ya dhana.

2.0 Muundo

Mizizi inayohusika ni funge: haisimami peke yake katika Kiingereza. Neno 'thermometer' lina 'therm-', yaani joto, na 'meter', yaani kipimo, yakiunganishwa na irabu 'o'. Kwa kawaida irabu unganishi ya mizizi ya Kigiriki ni 'o', na ya mizizi ya Kilatini ni 'i', kama katika 'carnivore', yaani mla nyama. Lakini asili hizo mbili huchanganywa pia: 'television' huoanisha 'tele' ya Kigiriki, yenye maana ya mbali, na 'visio' ya Kilatini, yenye maana ya kuona.

Kichwa cha ambatani za namna hii hukaa mwisho. Katika Kiswahili mpangilio ni kinyume. Kipimajoto huanza na kipimo na kumalizia na joto. Usanisinuru huanza na usanisi na kumalizia na nuru, ilhali 'photosynthesis' huitanguliza nuru.

Uwezo wa mfumo huu wa kurefusha maneno hudhihirika katika neno lenye herufi 45, 'pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis', lililobuniwa Marekani mwaka 1935 miongoni mwa wapenzi wa mafumbo ya maneno. Ndani yake mna mapafu, kupita kiasi, udogo wa kuonekana kwa hadubini, silika, volkano, vumbi na hali ya ugonjwa. Kila kipashio kinafasirika, lakini neno zima halikuzaliwa na haja ya tiba. Kwa ugonjwa wa mapafu utokanao na vumbi la silika, madaktari hutosheka na silikosisi. Kufasirika kwa sehemu, basi, si ushahidi wa manufaa ya neno zima.

3.0 Utata wa Mizizi

Umbo moja laweza kubeba mizizi zaidi ya mmoja. Umbo 'ped-' ni mfano mzuri. Katika 'pedal' linatokana na Kilatini, na maana yake ni mguu. Katika 'pediatrics', tiba ya watoto, linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mtoto. Katika 'pedology', elimu ya udongo, linatokana na neno jingine la Kigiriki lenye maana ya ardhi. Tahajia ya Uingereza huutenga mzizi wa mtoto kwa kuuandika 'paed-'. Tahajia ya Marekani imeufuta mpaka huo. Msomaji anayetegemea mzizi peke yake hana njia ya kuamua kati ya mguu, mtoto na udongo. Kinachomwongoza ni ujuzi wa uwanja husika, na ujuzi huo hautoki katika neno.

4.0 Uwazi Unaopotosha

Tatizo zito zaidi ni la istilahi ambayo mizizi yake ni wazi kabisa lakini inasema jambo lisilo kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1770, Antoine Lavoisier aliunda jina la oksijeni kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kali na kuzaa, akiamini kuwa gesi hiyo ndiyo izaayo asidi zote. Mwaka 1810 Humphry Davy alionyesha kuwa klorini ni elementi. Hivyo asidi hidrokloriki, iliyo muungano wa hidrojeni na klorini tu, haina oksijeni. Nadharia ilianguka, jina likabaki.

Hapa ndipo tofauti ya mbinu inapojitokeza. Kijerumani kilitafsiri mizizi na kupata 'Sauerstoff', yaani dutu ya ukali au asidi. Kwa kufanya hivyo kiliihifadhi nadharia iliyokuja kukanushwa katika maneno ambayo kila msemaji wake anayaelewa. Kiswahili kiliitohoa sauti, na oksijeni haidai lolote mbele ya msemaji wake. Katika mfano huu, utohozi umekuwa salama kuliko tafsiri.

5.0 Athari kwa Kiswahili

Hata hivyo, haifuati kwamba utohozi ni bora daima. Darubini ilitoka katika Kiajemi, ambamo imeundwa kwa mbali na kuona, sawasawa na 'telescope'. Lakini kwa msemaji wa Kiswahili neno hilo halichanganuliki, wala halimsaidii kuunda jingine. Kipimajoto, kwa upande mwingine, kina ndugu kama kipimamvua, na anayelijua moja hulikisia la pili. Huo ndio uwazi wenye tija.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha akaikuta kwa Kiingereza katika sekondari. Akiwekewa usanisinuru kando ya 'photosynthesis' na kuonyeshwa kuwa vipashio ni vilevile ila mpangilio umegeuzwa, atakuwa na mahali pa kuanzia. Asipoonyeshwa, hubaki na neno la kukariri.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kuwa mzizi wa Kigiriki au Kilatini hauhakikishi maana. Inapendekezwa kwamba muundaji wa istilahi ajiulize maswali mawili kabla ya kutafsiri mizizi: je, mizizi hiyo ingali inaisema dhana kwa usahihi? Na je, tafsiri yake itapata ndugu katika Kiswahili? Jibu likiwa ndiyo kwa yote mawili, tafsiri inafaa. Dhana ikiwa imelipita jina lake, afadhali kutohoa.