Mbele ya Mafunjo: Tafakuri, Sayansi na Maji Tunayotawadhia



Ukipanda ngazi za mnara wa Msikiti wa Taifa pale Old Kampala, mji wote unakuwa chini yako. Wengi tukifika juu tunatazama vilima: Makerere, Namirembe, Kibuli na msikiti wake. Leo nataka tutazame mabonde. Maji ya mitaa yote unayoiona kutoka pale juu, ya mvua, ya jikoni na hata ya udhu, yanashukia humo, na mabonde hayo zamani yalikuwa yamejaa mafunjo.

Katika Sura Aal Imran, aya ya 190 na 191, Mwenyezi Mungu amewataja wenye akili kwa mambo mawili yaliyofungwa pamoja: wanamkumbuka wakiwa wamesimama, wameketi na wamelala, na wanatafakari uumbaji wa mbingu na ardhi. Katika hadithi aliyoipokea Ibn Hibban, Bi Aisha (R.A.) anasimulia kwamba usiku zilipoteremka, Mtume (S.A.W.) alisali huku akilia mpaka Bilali akaja kumwarifu sala ya Alfajiri. Akamweleza Bilali kwamba ole wake mwenye kuzisoma asizitafakari. Sisi tunaozisoma tukiamka kwa tahajudi tujiulize tumeangukia upande gani.

Imam Ghazali, katika Ihya Ulumiddin yenye vitabu 40, amekitenga cha 39 kwa ajili ya tafakuri peke yake. Anapofika kwenye viumbe anaanza na mwanadamu na tone aliloumbwa kwalo, kisha ndipo aende kwenye ardhi, wanyama, bahari, hewa na mbingu. Kwa hiyo tafakuri yetu haifanani na yale mazoezi ya kuondoa kila wazo kichwani tunayotumiwa kwenye simu. Tafakuri ina kitu mbele yake, na kadiri unavyokijua kitu hicho ndivyo inavyokwenda mbali. Mwanafunzi wa sayansi ya mazingira ana mtaji mkubwa hapa, ila mara nyingi anauacha kwenye chumba cha mtihani. Na sisi wa darsa tunasema Subhanallah haraka mno, kabla hatujatazama.

Basi tutazame mafunjo. Ni mmea unaoweza kufika mita 4 au 5, shina lake lina pembe tatu, na juu kuna kichwa cha nyuzi za kijani kama ufagio uliofunguka. Chini, mashina yanayotambaa husokotana na mizizi yakawa mkeka mzito, ambao penye maji mengi huelea. Maji machafu hupita chini ya mkeka huo, katikati ya mizizi inayoning'inia. Tope linatua. Mizizi inanyonya nitrojeni na fosforasi, ambazo kwetu ni uchafu na kwake ni chakula. Juu ya mizizi wanakaa bakteria wa aina nyingi: wengine wanafanya kazi penye oksijeni, wengine pale isipokuwepo, na kwa kupokezana wanaigeuza sehemu ya nitrojeni ya kinyesi kuwa gesi inayorudi hewani bila madhara. Mafunjo yakifa huangukia kwenye maji yasiyo na oksijeni, yakaoza polepole sana, na mabaki yake yakarundikana miaka na miaka yakiwa yameshika kaboni. Ukikausha kinamasi hicho hewa inaingia, uozo unashika kasi, na kaboni inatoka ikiwa hewa ya ukaa.

Soma tena aya ile ya 191 baada ya kulijua hilo. Mwishoni wenye akili wanakiri kwamba Mola wao hakuviumba hivi bure.

Sasa tushuke bondeni. Mtaro wa Nakivubo unakusanya maji ya katikati ya mji, pamoja na yanayotoka kwenye mitambo ya majitaka ya Bugolobi, unayapeleka kwenye kinamasi cha Nakivubo, na kutoka hapo yanaingia Ghuba ya Murchison katika ziwa. Kwenye ghuba hiyo hiyo, kilomita chache tu, ndipo Ggaba, yanakochotwa maji ya bomba ya mji. Kati ya choo chetu na kikombe chetu yamesimama mafunjo. Utafiti wa mwaka 1999 ulikadiria thamani ya kazi hiyo ya kusafisha kuwa kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka. Lakini eneo kubwa limekatwa ili kupandwa magimbi, na kwingine kumejengwa. Magimbi nayo yanasafisha, ila kidogo kuliko mafunjo, kwa kuwa mizizi yake imezama kwenye udongo na maji machafu hayapiti vizuri kati yake. Siwalaumu akina mama wanaolima pale, wanatafuta riziki. Mashina ya uchafu wenyewe yanatoka juu kilimani, tunakokaa sisi.

Mtume (S.A.W.) amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama, hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Na katika Abu Daud, kujisaidia penye maji ya watu kumehesabiwa pamoja na mambo yanayoleta laana. Mimi si mufti, lakini swali nadhani ni halali: hosteli inayofungulia shimo la choo chake mtaroni usiku wa mvua ina tofauti gani na mtu yule? Na sisi tunaolipa kodi humo, tunaosikia harufu asubuhi tukanyamaza, hesabu yetu ikoje? Swali hilo nalipeleka kwa masheikh wetu, na nalipeleka pia kwa kamati ya jumuiya, maana mwenye hosteli anasikia haraka wapangaji thelathini wakija pamoja.

Tulipojaribu darsa hii ukingoni mwa ziwa baada ya Alasiri, dakika kumi za kwanza zilimezwa na mbu. Kisha watu wakatulia. Ndege mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano akaita ndani ya mafunjo, mwenzake akamjibu. Dada mmoja anayesoma zuolojia akatuambia kuwa ndege huyo makazi yake ni mafunjo tu. Yakikatwa hana pa kuhamia. Aya ya 38 ya Al-An'am, inayosema kuwa ndege nao ni umma kama sisi, nilikuwa naijua tangu madrasa. Siku ile niliisikia.

Ukitaka kujaribu, zima simu, anza na istighfari, chagua kitu kimoja na ukae nacho dakika ishirini. Kijue kinavyofanya kazi, kisha uulize kina haki gani kwako.

Asiyeweza kufika ziwani aanze bafuni. Anas (R.A.) amesimulia kuwa Mtume (S.A.W.) akitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki lita. Weka beseni chini ya bomba, tawadha kama kawaida yako, kisha upime. Beseni langu lilikuwa na zaidi ya lita tano.