AKILI SI YA NAMNA MOJA

Masomo: Kutoka 31:1-11, Kutoka 35:25-26, 1 Wakorintho 12:14-26



Kila mara matokeo ya mtihani yatangazwapo, kuna nyumba za vigelegele na nyumba za kimya. Katika nyumba ya kimya yumo mtoto aliyeambiwa, au aliyejiambia mwenyewe, ya kuwa hana akili. Neno hilo huingia moyoni upesi, lakini kutoka huchukua miaka. Tunao watu wazima, mafundi hodari, ambao wakiombwa kuingia katika halmashauri ya kanisa hujibu, "Mimi sikusoma, waulizeni wenye akili." Je, huu ni unyenyekevu, au ni jeraha?

Tuitazame Biblia. Mungu anamwambia Musa kwamba amemjaza Bezaleli Roho yake, pamoja na hekima, maarifa na ujuzi. Kwa kazi gani? Si kwa kuhubiri wala kutawala, bali kwa kufua dhahabu, fedha na shaba, kukata vito na kuchonga miti. Akapewa msaidizi, Oholiabu wa kabila la Dani. Katika sura ya 35 wanatajwa wanawake waliosokota nyuzi, na kazi yao pia inaitwa hekima. Musa mwenyewe hakuwa msemaji, Haruni alimsemea. Wala si yeye aliyeitengeneza hema kwa mikono yake. Kila mmoja alimhitaji mwenzake.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1905, huko Ufaransa, Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walitunga kipimo cha kuwatambua watoto waliohitaji msaada shuleni. Binet hakukubali kwamba akili ya mtoto haiwezi kukua. Lakini baadaye wengine waligeuza vipimo vya namna hiyo kuwa hukumu. Mwaka 1983 Mmarekani Howard Gardner aliandika kitabu akitaja akili saba: ya lugha, ya hesabu na hoja, ya muziki, ya kutambua maumbo na nafasi, ya kutumia mwili, ya kuwaelewa watu, na ya kujielewa nafsi. Baadaye akaongeza ya kuvitambua viumbe vya asili. Wako wataalamu wanaompinga, wakisema kwamba akili hazigawanyiki hivyo. Hata hivyo, hakuna anayebisha kwamba mtihani wa darasani haupimi yote aliyo nayo mtoto.

Tuangalie tusipotoke. Hatusemi shule ni bure. Kusoma na kuhesabu ni haki ya kila mtoto. Wala tusimwambie mtoto, "Wewe ni wa jembe tu," kwa maana huko ni kumtoa kifungo kimoja na kumtia kingine. Mtoto anayeamini kuwa ni mjinga huacha kujaribu, asipojaribu hushindwa, akishindwa huona kwamba waliomcheka walisema kweli. Mnyororo huo twaweza kuukata.

Tufanyeje? Kwanza, neno "mjinga" lisisikike nyumbani mwetu. Pili, tusifu jambo lenyewe tuliloliona, si kwa maneno matupu: "Umewapatanisha wadogo zako bila kugombana," au, "Umeusikia wimbo mara moja na umeushika." Tatu, tumpe mtoto kazi halisi inayohitaji kipawa chake, nyumbani na kanisani. Mtu hujua thamani yake anapoona kwamba anahitajiwa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni nani katika mtaa wetu ana hekima ambayo hatujaitambua?
2. Ni neno gani uliloambiwa utotoni ambalo bado linakuzuia?
3. Mtoto wako aliyeshindwa mtihani, je, ni mara ngapi wiki hii umemwambia alichofanya vizuri?

SALA

Ee Mungu, uliyemjaza Bezaleli hekima ya mikono, utufumbue macho tuone vipawa ulivyoweka ndani ya watoto wetu na ndani yetu. Utuponye majeraha ya maneno, tukutumikie bila kiburi na bila kujidharau. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.